Maombi ya chuo na mkopo katika steshenari moja ya Ngamiani: tathmini ya mzazi

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapokaribia kutangazwa, steshenari za Tanga mjini hubandika karatasi mpya milangoni zikieleza kwamba zinapokea maombi ya vyuo, maombi ya mkopo, uhakiki wa vyeti na kazi nyingine za mtandaoni. Ukitoka Ngamiani ukaenda Chumbageni, kisha ukarudi kwa njia ya Makorora, utazikuta karatasi hizo karibu kila mtaa. Mzazi aliyebeba vyeti vya mwanawe ndani ya bahasha hana njia rahisi ya kujua duka lipi litamtendea haki, kwa sababu yote yana kompyuta, yote yana printa, na yote yanaahidi kumaliza kazi upesi. Msimu uliopita nilipeleka maombi ya vijana wawili, binti yangu na mpwa wangu, katika steshenari moja iliyoko kwenye barabara za namba za Ngamiani. Nimeridhika nayo kwa kiasi kikubwa, na naiandikia kwa kirefu kwa sababu kilichoniridhisha ni jambo ambalo wazazi wengi hawalitazami wanapochagua duka. Tulipomaliza kulipa na kuondoka, nywila zote, laini ya simu iliyotumika, risiti na nakala za fomu zilikuwa mikononi mwa vijana wenyewe, na hapakuwa na akaunti hata moja ambayo ingetulazimisha kumtafuta mhudumu ili tuifungue.

Sitalitaja duka kwa jina. Mwenye duka, mama wa makamo anayefanya kazi na mabinti wawili, aliniomba hivyo kwa kuwa chumba chake ni kidogo na wiki za mwisho za dirisha la maombi humletea watu wengi kuliko anaoweza kuwahudumia kwa utulivu. Wakazi wa Ngamiani huenda wakalitambua kwa maelezo nitakayoyatoa, na asiyelitambua anaweza kuyatumia maelezo hayo hayo kulipima duka lolote lililo karibu naye.

Ni vyema kwanza nieleze kwa nini suala la nywila na laini ya simu lina uzito huu. Zamani mwombaji wa shahada ya kwanza alipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 utaratibu huo uliondolewa, na sasa kila mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, katika mfumo wa chuo hicho na kwa ada ya chuo hicho. Kijana anayeomba vyuo vitatu anafungua akaunti tatu. Juu ya hizo kuna akaunti ya OLAMS, ambao ni mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kabla ya kuufikia mfumo huo kuna mfumo wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, unaotumika kuhakiki cheti cha kuzaliwa. Kila mahali panatakiwa barua pepe, namba ya simu na nywila, na ujumbe wote muhimu wa miezi inayofuata hutumwa kwa namba ile ile iliyoandikwa siku ya kwanza. Kijana akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hulazimika kuthibitisha chuo kimoja tu kwa msimbo maalumu anaotumiwa kwa simu au kwa barua pepe, na kazi hiyo ina muda wake wa mwisho.

Jirani yetu mmoja alilifahamu hilo kwa uchungu. Mwanawe aliombewa chuo katika duka jingine la mjini, ambako mhudumu alikuwa na mazoea ya kuandika namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe ya duka kwa kila mteja ili kazi iende haraka. Kijana alichaguliwa na vyuo viwili, msimbo ukaenda kwa mhudumu, na mhudumu alikuwa amekwenda msibani Lushoto huku simu yake haipatikani. Familia ilihangaika hadi muda wa kuthibitisha ukapita, na kijana akaingia awamu iliyofuata akiwa na machaguo machache sana yaliyobaki. Siamini kwamba mhudumu yule alikuwa na nia mbaya, lakini utaratibu wa duka lake ulimweka mtoto wa mtu mwingine mahali pasipofaa kabisa, na ninaambiwa kwamba maduka mengi bado yanaufuata.

Katika duka ninalolizungumzia, swali la kwanza nililoulizwa, kabla hata ya vyeti kutolewa kwenye bahasha, lilikuwa hili: "Mwalimu, laini hii ni ya nani, na itakuwa hewani mpaka mwezi wa kumi na moja?" Nilipojibu kwamba ni laini ya mpwa wangu lakini simu yake ni mbovu na huzimika mara kwa mara, binti aliyekuwa akituhudumia alikataa kuendelea hadi laini ile ilipohamishiwa kwenye simu nzima. Kisha alimwambia mpwa wangu afungue barua pepe yake mwenyewe, achague nywila yake mwenyewe, na aiandike kwa mkono wake katika daftari dogo ambalo duka humpa kila mwombaji bila malipo. Kila ukurasa wa daftari hilo una jina la mfumo, jina la kutumia, nywila, kumbukumbu namba ya malipo, tarehe ya kulipa na tarehe ya mwisho ya dirisha. Duka halibaki na nakala yake. Nilipouliza itakuwaje kijana akilipoteza, mwenye duka alijibu kwamba ndiyo maana barua pepe inafunguliwa kwa simu ya kijana, kwa kuwa nywila nyingine zote zinaweza kurejeshwa kupitia hiyo.

Jambo la pili lililonipendeza ni kwamba mwombaji ndiye anayeketi mbele ya kompyuta. Mhudumu husimama pembeni akimwelekeza, na mzazi hupewa kiti nyuma yao ambapo anaweza kusoma yanayoandikwa. Kazi inakwenda polepole kuliko pale mhudumu anapochapa mwenyewe, na wateja waliokuwa nyuma yetu walinung'unika kidogo. Hata hivyo, mpwa wangu alipomaliza aliweza kunieleza kila alichokijaza, kwa nini amekijaza hivyo na anatarajia kupokea nini baadaye. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ninathamini sana mahali ambapo kijana hufundishwa kufanya jambo badala ya kufanyiwa. Wazazi tuna tabia ya kusema kwamba mambo ya mtandao tuwaachie wanaoyajua, kisha tukatoka nje kupiga soga kivulini huku mtu tusiyemfahamu akiandika kipato chetu na majina yetu kwenye fomu ya serikali. Ningependa tuiache tabia hiyo.

Kesi ya mpwa wangu ndiyo iliyonionyesha uwezo wa kweli wa duka hili. Alimaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia na hakuomba chuo kwa kuhofia gharama. Baba yake alifariki akiwa mdogo, na mama yake, ambaye ni dada yangu, anaishi wilayani Mkinga katika kaya inayohudumiwa na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kijana wa aina hii ana haki ya kufikiriwa vizuri katika mkopo, ila haki hiyo inategemea karatasi. Hali ya uyatima hutambuliwa kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa, kaya ya TASAF hutambuliwa kwa namba yake, na cheti cha kuzaliwa nacho lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Mhudumu aliviweka vyeti vyote mezani akavisoma herufi kwa herufi kabla ya kuviskani. Aligundua kwamba cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Saidi na cheti cha kidato cha nne kimeandikwa Said, tofauti ambayo sisi katika familia hatukuwahi kuiona kwa miaka yote hiyo. Alitushauri tuandae hati ya kiapo kwa wakili kwanza, ndipo tuendelee. Duka linalotafuta fedha ya haraka lingejaza tu, likachukua malipo yake, na kutuacha tugundue tatizo wakati dirisha limefungwa.

Wazazi wenye watoto wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma maelezo haya wanaweza kuchukua vyeti vyao leo hii na kuvilinganisha. Majina matatu yafuatane kwa mpangilio ule ule, tarehe ya kuzaliwa iwe moja, na cheti cha kuzaliwa kiwe na maandishi yanayosomeka. Uhakiki wa cheti cha kifo au cha kuzaliwa unaweza kufanyika miezi mingi kabla ya dirisha la mkopo kufunguliwa, wakati mifumo haijaelemewa na watu, na mhudumu alinieleza kwamba wateja wake wanaofanya hivyo mwezi wa Februari au Machi hawapati usumbufu wanaoupata wale wa Agosti.

Fomu ya mkopo yenyewe haikuwa ngumu kama nilivyotarajia, ingawa ina hatua nyingi. Mwombaji hutumia namba yake ya mtihani wa kidato cha nne kama utambulisho, hata kama ameshamaliza kidato cha sita, na vijana wengi hukosea hapo kwa kuandika namba ya kidato cha sita. Hulipia ada ya maombi, ambayo ni shilingi 30,000, kwa kumbukumbu namba ya malipo. Kisha hujaza habari za wazazi, shule alizosoma na mdhamini wake, huichapa fomu, huipeleka isainiwe na kugongwa muhuri na kiongozi wa serikali ya mtaa na kuthibitishwa na wakili au hakimu, na mwisho huiskani na kuipandisha tena kwenye mfumo. Duka lilitupatia fomu iliyochapwa ikiwa imewekewa alama ndogo za penseli mahali pote panapohitaji sahihi, picha au muhuri. Ni jambo dogo, lakini lilituokoa, kwa sababu mtendaji alikuwa na haraka na angesahau muhuri mmoja kama alama ya penseli isingekuwepo.

Kwa binti yangu hali ilikuwa tofauti. Aliitwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria pamoja na wahitimu wenzake, na kambini hakuweza kutumia simu kwa uhuru. Nadhani wazazi wengi wa kidato cha sita wanaufahamu mtihani huu: dirisha la maombi linafunguliwa, na mwombaji mwenyewe yupo kambini. Kabla hajaondoka, duka lilimtaka afungue barua pepe, aiache laini yake nyumbani kwa mama yake, na aandike kwa mkono orodha ya kozi anazozitaka kwa mpangilio, chuo kwa chuo, akiweka sahihi yake chini. Nilipokwenda baada ya matokeo kutoka, nikataka kubadilisha chaguo lake la kwanza kwa kuwa niliona ualimu wa sayansi una uhakika zaidi, mwenye duka aliichukua ile karatasi akaniwekea mbele yangu. "Mwalimu, mwanao ameandika kilimo, na pointi zake zinatosha kilimo. Ukitaka kubadilisha, ongea naye kwanza." Nilingoja hadi alipopata nafasi ya kupiga simu, akanieleza sababu zake, na kilimo kikabaki chaguo la kwanza. Fomu yake ya mkopo ilijazwa sehemu zote tulizoweza kuzijaza, na sahihi zake zikawekwa aliporudi, dirisha likiwa bado wazi.

Kuhusu uchaguzi wa kozi, duka lina nakala ya mwongozo wa udahili wa TCU iliyochapwa na kujaladiwa, na mteja anaruhusiwa kukaa nayo kwenye benchi kwa muda anaoutaka. Mwongozo huo unaonyesha kwa kila kozi masomo yanayotakiwa, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Mhudumu alitueleza vizuri hesabu ya pointi ambayo watu wengi huichanganya. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu pointi. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, na masomo hayo mawili ni yale yanayohusika na kozi inayoombwa, hata kama somo la tatu limefaulu vizuri zaidi. Mwanafunzi wa CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, aliyeota udaktari tangu utotoni atagundua kupitia mwongozo huo kwamba kozi hiyo inataka fizikia, na ni afadhali agundue akiwa kwenye benchi la Ngamiani kuliko baada ya kulipa ada ya maombi. Vyuo tulivyoviomba vilitutoza shilingi 10,000 kila kimoja, fedha ambazo hazirudishwi, kwa hiyo kubahatisha kuna gharama yake.

Sasa nifike kwenye gharama, sehemu ambayo duka hili linaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia kutoka kwa steshenari. Mwenye duka ana karatasi aliyoipiga mistari mwenyewe, na humtaka mzazi aijaze kabla mwombaji hajabonyeza kitufe cha mwisho cha kutuma. Upande mmoja una gharama za mwaka wa kwanza: ada ya masomo, usajili, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, ada ya TCU ya shilingi 20,000 kwa mwaka, bima ya afya ya NHIF ambayo kwa mwanafunzi ni shilingi 50,400, nauli, godoro, ndoo, na chakula cha wiki za mwanzo. Upande wa pili una vyanzo vya fedha: mkopo, mshahara, biashara, ndugu. Mzazi hujaza hesabu hiyo mara mbili, kwanza akichukulia kwamba mkopo umepatikana, kisha akichukulia kwamba haukupatikana. Hiyo hesabu ya pili ilininyima usingizi, nami ninamshukuru kwa kunilazimisha kuiandika.

Aliufafanua mkopo kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia ikifafanuliwa kwenye kikao chochote cha wazazi. Fedha za chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichoanza mwaka wa masomo 2023/2024 baada ya kuwa 8,500 hapo awali. Kwa siku 30 hiyo ni shilingi 300,000, na ndani yake kuna kodi ya chumba, mlo, vocha na usafiri wa kwenda darasani kwa wanaoishi nje ya chuo. Fedha za vitabu na vifaa vya kuandikia ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Vijana huziita bumu, na huzipokea kwa awamu baada ya kusajiliwa chuoni na kukamilisha taratibu, jambo ambalo maana yake kwa mzazi ni kwamba wiki za mwanzo lazima zigharimiwe kutoka nyumbani hata kwa kijana aliyepewa mkopo kamili. Nimewaona wazazi wanaomsindikiza kijana hadi stendi ya Kange wakiwa wamemkatia tiketi na kumpa fedha ya siku chache tu, kwa kuamini kwamba bumu litamkuta getini.

Ada ya masomo ina ugumu mwingine, kwa kuwa si kila anayepata mkopo hulipiwa ada yote. Bodi hupima uhitaji wa kila mwombaji na kumpangia kiasi kulingana na hali ya familia yake. Mwenye duka alitupigia mfano: ikiwa ada ya kozi ni shilingi 1,300,000 na mwanafunzi amepangiwa asilimia 60, mzazi atabaki na shilingi 520,000 za kulipa, yaani 260,000 kwa kila muhula ikiwa chuo kinaruhusu kulipa kwa mihula. Kwangu mimi mwenye mshahara unaofahamika, alisema wazi kwamba nijiandae kwa hali ya namna hiyo kwa binti yangu, na kwamba nisijaze habari za uongo ili nionekane fukara zaidi. Kuna wazazi wanaoshauriwa kujaza uongo, na wapo wahudumu wanaouuza ushauri huo kama huduma. Ninalisema hili kwa uzito: kila shilingi inayopatikana kwa njia hiyo ananyang'anywa kijana kama mpwa wangu, ambaye hana baba na ambaye mama yake anauza mihogo.

Dada yangu alikuwa na hofu ya deni. Alikuwa amesikia kwamba mkopo wa serikali huongezeka kila mwaka hata mtu akiwa hana kazi, na kwa sababu hiyo alikuwa amemkataza mwanawe kuomba mwaka uliotangulia. Mwenye duka alimweleza kwa simu, kwa heshima na kwa subira, akimwita mama na kumsikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu. Alimwambia kwamba tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiukuza mkopo kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo mwenye mshahara wa shilingi 700,000 atakatwa 105,000 kwa mwezi hadi deni liishe. Deni hilo ni zito kwa kijana anayeanza maisha na ni lazima alifahamu kabla ya kutia sahihi. Ila ni deni linaloweza kuhesabiwa, na dada yangu alipoweza kulihesabu aliruhusu.

Yapo mapungufu, na baadhi yake si madogo. Kubwa kuliko yote ni usiri. Chumba ni kimoja, meza ni mbili, na maswali ya fomu ya mkopo huulizwa kwa sauti ya kawaida mbele ya wateja wengine waliokaa kwenye benchi. Mpwa wangu aliulizwa baba yake alifariki mwaka gani na kwa ugonjwa gani wakati mwanafunzi mwenzake wa zamani alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake. Swali la ugonjwa halikuwa la lazima, na hata lile la mwaka lingeweza kusomwa kwenye cheti bila kutamkwa. Nilimweleza mwenye duka, akakiri kwamba ni kweli, ingawa sikuona badiliko nilipokwenda tena. Vilevile nakala za vyeti vilivyoskaniwa hubaki kwenye kompyuta ya duka katika folda zenye majina ya wateja. Niliomba za kwetu zifutwe, zikafutwa mbele yangu, lakini ingefaa zifutwe kwa kila mtu bila kuombwa. Duka linalojali nywila za watu kwa kiwango hiki linapaswa kuzijali na picha za vyeti vyao.

Skana ni moja na ni ya taratibu, na mtandao hulegea sana saa za alasiri. Bei hazijabandikwa ukutani. Tulilipa shilingi 5,000 kwa kila chuo, 10,000 kwa fomu ya mkopo, na shilingi 500 kwa kila ukurasa ulioskaniwa, na hii ya mwisho naiona ni kubwa kwa familia yenye vyeti vingi. Hata hivyo, dada yangu alipunguziwa bila kuomba baada ya namba ya TASAF kuonekana, na sikumsikia mtu yeyote akitajiwa bei tofauti kwa ajili ya sura au mavazi yake.

Upande mwingine ambao duka ni dhaifu ni kwa vijana wasiokwenda shahada. Mzazi aliyekuja na mtoto aliyemaliza kidato cha nne, akitaka kujua habari za stashahada na vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, alipewa majibu mafupi na kuambiwa aangalie tovuti. Halikadhalika, nilipouliza kuhusu ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022 kwa wahitimu wa sayansi wenye ufaulu wa juu kabisa, nilijibiwa tu kwamba ni wa sayansi, bila mhudumu kulinganisha matokeo ya binti yangu na masharti yake. Matokeo yake yasingefika huko, hilo nalijua, lakini kuna watoto wa Tanga ambao yangefika, na jibu la aina ile lingewapita.

Kwa mzazi anayekusudia kutumia duka la namna hii, aende asubuhi kabla ya saa nne, na asiende Ijumaa mchana kwa kuwa wahudumu hufunga kwa ajili ya sala. Achukue cheti cha kuzaliwa kilichokwisha kuhakikiwa, vyeti vya kifo kama vipo, namba ya NIDA ya mdhamini, picha ndogo za mwombaji na za mdhamini, namba ya mtihani wa kidato cha nne, na laini iliyosajiliwa ambayo haitazimwa hadi chuo kifunguliwe. Amchukue na kijana mwenyewe kama hayuko kambini. Kabla ya kulipa, aombe kuonyeshwa namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa katika kila akaunti, na akiona si za mwanawe, adai zibadilishwe pale pale, mbele ya macho yake.